Kabla Mbwa Hajaugua: Wakati na Namna ya Kumpima Magonjwa ya Kupe na Mbu

Kuna ugonjwa wa mbwa ambao hatua yake ndefu zaidi haina dalili hata moja. Bakteria wake, Ehrlichia canis, huingia mwilini kupitia mate ya kupe wa kahawia wa mbwa, yule yule tunayemtoa ndani ya masikio na katikati ya vidole karibu kila nyumba inayofuga mbwa, kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Wiki chache za mwanzo mbwa hupata homa, chakula hakimshuki vizuri, hujilaza pembeni, na wenye nyumba husema ni joto. Kisha anapata nafuu. Anarudi kubweka getini, manyoya yanang'aa, uzito unarudi. Ila bakteria hawajatoka. Wamejificha kwenye wengu, na wanaweza kukaa humo miezi, hata miaka. Wapo mbwa ambao miili yao huwashinda wadudu hao bila msaada. Wapo wengine ambao siku moja huanza kutokwa damu puani, fizi zinapauka, na wanapofikishwa kwa daktari uboho umekwisha kushindwa kutengeneza damu. Hapo tiba huwa ngumu, na wengi hufa.

Jeshi la Marekani liliyaona haya wakati wa vita vya Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, mbwa wake wa kijeshi, wengi wao German Shepherd, walipokufa kwa mamia. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Bakteria huyu alielezwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, na katika maandishi ya tiba ya mifugo maradhi yake yamewahi kuitwa ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu. Uko kwetu, na umekuwepo muda mrefu. Na huyo German Shepherd, anayependwa sana kwa ulinzi kwenye nyumba za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, ni katika jamii za mbwa zinazojulikana kuugua ugonjwa huu kwa ukali zaidi.

Watu wengi wanaowapenda mbwa wao kwa dhati humpeleka mbwa kwa daktari siku anapoacha kula. Chanjo ya kichaa cha mbwa wanaijua, dawa ya minyoo wanaijua, lakini kupima damu ya mbwa anayeruka na kucheza huonekana ni kutupa pesa. Si kutupa pesa, ila inaweza kuwa hivyo ukipima bila kujua jibu litakusaidia kuamua nini. Ushauri wangu wote katika makala haya umesimama juu ya swali hilo. Kabla hujatoa hata shilingi, jiulize: nikiambiwa anacho, nitafanya nini? Nikiambiwa hana, nitafanya nini? Kama utafanya yale yale katika hali zote mbili, pesa hiyo inunulie dawa ya kupe.

Ziko nyakati ambapo majibu hayo mawili hutofautiana sana. Wa kwanza ni kabla ya upasuaji wowote, hata ule unaoonekana mdogo wa kumfunga kizazi jike. Mbwa aliyebeba Ehrlichia kimya kimya mara nyingi ana chembe sahani pungufu, zile chembe zinazoziba jeraha na kuzuia damu. Akiwa nyumbani hutajua, kwa sababu hana jeraha. Akiwa mezani, tumbo likiwa wazi, utajua. Daktari akiwa na hesabu ya chembe sahani mkononi siku chache kabla, anaweza kuahirisha upasuaji, akamtibu mbwa kwanza, akampasua akiwa salama. Kliniki isiyokupendekezea kipimo hiki kabla ya kumlaza mbwa wako, iombe wewe mwenyewe, na usione haya kuuliza mara mbili.

Wa pili ni mbwa mgeni anapoingia nyumbani. Umemchukua mbwa kutoka mtaani, au umepewa na jirani anayehama, au umenunua mkubwa kwa ajili ya ulinzi. Kuna jambo la kibaiolojia hapa linalostahili kueleweka vizuri. Kupe wa kahawia hawarithishi Ehrlichia kwa mayai yao. Kupe anayetoka kwenye yai ni safi. Bakteria huyo humpata kwa kunyonya damu ya mbwa aliye nao, kisha humpelekea mbwa mwingine akiwa katika hatua yake inayofuata ya ukuaji. Maana yake ni kwamba kwa ugonjwa huu, mbwa ndiye ghala. Ua lenye kupe lakini lisilo na mbwa mwenye maambukizi ni kero. Ua lenye kupe, ukaleta ndani mbwa mmoja mwenye maambukizi, hasa aliye katika wiki zile za mwanzo, huwa hatari kwa mbwa wako wote. Babesia, vimelea vya chembe nyekundu za damu vinavyoletwa pia na kupe, ni tofauti, kwa sababu hupita kwenye mayai ya kupe na kizazi kipya huzaliwa kikiwa navyo. Kwa hiyo mgeni apimwe, atolewe kupe, apakwe au apewe dawa ya kupe kabla hajafunguliwa kwenye ua wenye wenzake. Na apimwe tena baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa sababu nitakayoieleza.

Wa tatu ni wa mbwa wa kuzalisha na mbwa wa kutoa damu. Jike mwenye mimba nguvu zake za kupambana na maradhi hupungua, na maambukizi yaliyolala yanaweza kuamka. Baadhi ya vimelea, Babesia na Leishmania vikiwemo, vimeonekana kupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto. Dume naye apimwe. Kuhusu damu sina maneno mengi: mbwa asitoe damu ya kumwongezea mwingine kabla hajapimwa, hata kama ni mbwa wa daktari mwenyewe, hata kama ni usiku na mgonjwa anakata roho. Kwenye miji yetu mbwa wa kutoa damu hutafutwa kwa simu saa ya dharura, na hapo ndipo mtu husema "wangu ni mzima, mchukueni." Ukiwa na mbwa mkubwa, mtulivu, na ungependa awe msaada kwa wengine, mpime sasa, si siku hiyo.

Safari ni wakati wa nne, na hapa hutachagua wewe. Afrika Kusini imekuwa ikidai mbwa wanaoingia wapimwe Babesia gibsoni, Trypanosoma evansi, minyoo ya moyo, Leishmania na Brucella canis. Australia hudai kipimo cha Ehrlichia canis na cha Leishmania infantum. Wanaodai hivyo wana sababu. Australia ilijihesabu kuwa nchi isiyo na Ehrlichia canis hadi Mei 2020, ugonjwa ulipogunduliwa kwa mbwa wa Australia Magharibi, na tangu hapo umesambaa katika maeneo ya kaskazini na kuua mbwa wengi, wakiwemo wa jamii za wenyeji wa nchi hiyo wanaoishi mbali na madaktari. Kupe walikuwapo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa ni mbwa mwenye maambukizi. Masharti ya nchi hubadilika, kwa hiyo yasome upya kila unapopanga safari, na anza miezi mingi kabla. Jibu baya wiki mbili kabla ya ndege halikuachii nafasi ya kutibu na kupima tena.

Na je, mbwa asiyesafiri, asiyepasuliwa, asiyezaa, anayeishi zake nyumbani? Kwa huyo napendekeza mara moja kwa mwaka, pamoja na chanjo ya kichaa, kwa kuwa siku hiyo tayari yuko mbele ya daktari. Mahali penye kupe mwaka mzima kama pwani yetu, mwaka mmoja ni muda mrefu.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe, maana hapa ndipo watu hupotea, na wakati mwingine hupotezwa.

Kipimo cha zamani kuliko vyote ni tone la damu lililopakwa kwenye kioo, likatiwa rangi, likatazamwa kwa hadubini. Ni rahisi kwa bei, kinafanyika hata wilayani, na mikononi mwa mtu mwenye jicho zuri kinaonyesha mengi kwa wakati mmoja: Babesia ndani ya chembe nyekundu, Hepatozoon ndani ya chembe nyeupe, trypanosoma wakiogelea kati ya chembe, na wingi au uhaba wa chembe sahani. Kwa Babesia, damu ya ncha ya sikio huonyesha vizuri kuliko ya mshipa mkubwa, kwa kuwa chembe zenye vimelea hukwama kwenye mishipa midogo. Udhaifu wake ni kwamba mbwa asiye na dalili ana vimelea wachache mno kwenye damu. Kioo kikiwa safi haimaanishi mbwa ni safi. Ehrlichia hasa huonekana kwa nadra sana kwa njia hii, na mtu anayekuambia "nimetazama, hana Ehrlichia" amekupa nusu ya habari.

Kipimo ninachokithamini kuliko vingine kwa mbwa mzima hakitafuti mdudu kabisa. Ni hesabu kamili ya damu. Mbwa wa kawaida ana chembe sahani kati ya 200,000 na 500,000 hivi kwa kila maikrolita. Akiwa mzima machoni lakini hesabu ikashuka hadi 90,000, kuna jambo, na katika nchi zetu jambo la kwanza kulifikiria ni kupe. Ongeza hapo protini za damu: mbwa mwenye maambukizi ya muda mrefu mara nyingi huwa na globulini zilizopanda. Ongeza kijiti cha mkojo, ambacho hugharimu kidogo, kuona kama figo zinavujisha protini. Vipimo hivi vitatu havitakutajia jina la ugonjwa, lakini vitakuonyesha kama mwili unaumia, na hilo ndilo linalohitajika kujulikana kwanza. Kama mfuko wako unaruhusu kimoja tu, chukua hesabu ya damu, na umwombe daktari atazame pia kioo, kwa sababu mashine hudanganywa na chembe sahani zilizogandana na kutoa hesabu ya chini isiyo ya kweli. Kuna pia bakteria mwingine, Anaplasma platys, anayeshambulia chembe sahani zenyewe kwa vipindi: hushuka, hupanda, hushuka tena kila baada ya wiki moja au mbili. Hesabu ya siku moja inaweza kuangukia siku nzuri.

Kisha viko vile vipimo vya haraka, vikasha vya plastiki vinavyotoa jibu kwa dakika chache palepale kliniki. Vingi hutafuta kingamwili za Ehrlichia na Anaplasma, na antijeni ya minyoo ya moyo. Ni vizuri, navipendekeza, lakini lazima uelewe vinasema nini. Kingamwili ni askari waliotengenezwa na mwili baada ya kukutana na adui. Huchukua wiki mbili au tatu kuonekana, kwa hiyo mbwa aliyeambukizwa juzi atapimwa na kuonekana hana. Ndiyo sababu ya kumrudia mgeni baada ya mwezi au miwili. Upande wa pili, kingamwili hubaki mwilini miezi na hata miaka baada ya bakteria kwisha. Majivu jikoni hukuambia moto uliwaka. Hayakuambii kama bado kuna kaa linalowaka chini. Mbwa wa mitaani aliyeishi na kupe tangu utotoni akipimwa kwa kikasha hiki, usishangae mistari ikitokea. Hiyo si hukumu.

Cha mwisho ni kipimo cha vinasaba, ambacho maabara hukiita PCR. Hiki hutafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe. Kikisema yupo, yupo. Kikisema hayupo, bado anaweza kuwa kwenye wengu wakati sindano ilitoa damu ya mguuni. Katika vituo vikubwa, kama maabara za vyuo vya tiba ya mifugo pale Morogoro na Kabete, au Maabara ya Veterinari ya Temeke, kuna utaalamu wa aina hii. Muulize daktari wako sampuli inakokwenda, inahifadhiwa vipi na jibu litachukua siku ngapi.

Basi tuseme umepima, mbwa wako anacheza mpira uani, na kikasha kimeonyesha ana kingamwili za Ehrlichia. Ufanye nini? Usikimbilie sindano. Hatua inayofuata ni ile hesabu ya damu, pamoja na protini na mkojo, na kama inawezekana kipimo cha vinasaba. Vyote vikiwa sawa, mbwa huyo amekutana na bakteria na huenda amewashinda. Mwangalie, mpime damu tena baada ya miezi michache, mkinge na kupe kwa ukali. Chembe sahani zikiwa chini, au globulini zikiwa juu, au vinasaba vikionekana, hapo atibiwe ijapokuwa anaonekana mzima. Dawa inayotumika zaidi ni doksisiklini, kila siku kwa muda wa wiki nne. Wiki nne zote. Mbwa wengi huchangamka ndani ya siku chache, na hapo ndipo vidonge husahauliwa kabatini. Mpe pamoja na chakula, na hakikisha kidonge kimefuatwa na chakula au maji, kwa sababu kikikwama kooni huunguza. Baada ya tiba, pima chembe sahani, si kingamwili. Nimewaona watu wakirudia kipimo cha kingamwili mwezi baada ya mwezi na kununua dozi baada ya dozi kwa sababu mstari haufutiki. Mstari hautafutika upesi, na dawa haikosei kwa hilo.

Kuna desturi moja inayoniuma sana. Mbwa akizubaa kidogo, huitwa mtu wa kuchoma sindano. Akifika hapimi chochote, anasema ni homa ya kupe, anachanganya diminazini iliyofungashwa kwa ajili ya ng'ombe, anachoma, anaondoka. Diminazini ni dawa halali ya Babesia na ya trypanosoma, lakini kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ubongo ni nyembamba, na kuirudia baada ya siku chache huongeza hatari. Haifanyi kitu chochote kwa Ehrlichia. Wengine sasa humchoma hata mbwa mzima "kumkinga." Usikubali. Na kama mbwa amekwisha kuchomwa, mwambie daktari kabla hajatoa damu ya kupima, pamoja na jina la dawa na siku, kwa sababu damu iliyochukuliwa baada ya dawa inaweza kuficha kilichokuwemo.

Mbu nao wana yao. Minyoo ya moyo, Dirofilaria immitis, huletwa na mbu ikiwa midogo mno kuonekana, kisha hukua hadi jike kufikia sentimita 25 hadi 30 ndani ya mishipa ya mapafu na moyo wa kulia, na anaweza kuishi humo miaka 5 hadi 7. Mbwa mwenye minyoo michache hakohoi, hachoki, hana kitu. Kutoka siku ya kuumwa na mbu hadi kipimo kuweza kuonyesha hupita miezi 6 au 7, kwa hiyo kumpima mtoto wa mbwa wa miezi 3 ni bure, na mbwa mkubwa uliyempata leo atahitaji kupimwa leo na tena baada ya nusu mwaka. Kipimo cha antijeni huona minyoo majike waliokomaa tu.

Pwani yetu ina jambo la pekee hapa. Mwaka 1958 wanasayansi walieleza aina mpya ya mnyoo wa damu kutoka kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, uliokutwa kwa mbwa, paka na wanyama wengine. Ukaitwa Brugia patei. Kuna pia Dirofilaria repens, unaoishi chini ya ngozi, na mingineyo. Yote hiyo hutoa watoto wadogo wanaoogelea kwenye damu, na chini ya hadubini mtazamaji mwenye haraka anaweza kuwaita wote minyoo ya moyo. Tofauti ni kubwa: minyoo ya moyo huhitaji tiba ndefu, ya gharama na yenye hatari zake, wakati hao wengine kwa kawaida hawamuui mbwa. Ukiambiwa kwamba watoto wa minyoo wameonekana kwenye damu ya mbwa wako wa Malindi au Bagamoyo, uliza ni wa aina gani, na uombe kipimo cha antijeni kabla ya tiba yoyote ya moyo. Na usimpe ivamektini ya ng'ombe kwa kukisia. Mbwa mwenye watoto wengi wa minyoo kwenye damu anaweza kuzirai wanapokufa wote kwa pamoja, na jamii kama Collie zina mbwa wengi wenye kasoro ya kurithi inayofanya dozi kubwa ya ivamektini iwe sumu kwa ubongo wao.

Kuhusu mbung'o nitasema machache. Mbwa anayeishi au anayetembelea maeneo ya Shimba Hills, Saadani, Serengeti au Mara anaweza kupata trypanosoma, na kwa mbwa ugonjwa huo kwa kawaida hauchelewi: homa, uso kuvimba, jicho kugeuka rangi ya maziwa. Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume tasa kuachiwa huru kwa wingi hadi kizazi cha inzi hao kikakatika, kwa hiyo mbwa wa kisiwani hana hatari hiyo nyumbani. Akivuka kwenda bara na kurudi, mwambie daktari alikokwenda. Mbwa wa mfugaji au wa askari wa wanyamapori, anayeishi porini siku zote, apimwe mara nyingi kuliko mara moja kwa mwaka, na damu yake itazamwe ingali mbichi.

Serengeti inatufundisha pia kwa nini kilicholala kisidharauliwe. Mwaka 1994 takriban theluthi ya simba wa huko walikufa kwa ugonjwa wa virusi wa mbwa unaoitwa distempa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba virusi peke yake havikutosha kueleza vifo vile, kwa maana kabla na baada ya hapo virusi hivyo vilikuwa vimepita kati ya simba bila kuua. Ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba wakala nyati hao na kupata kupe wengi. Babesia, ambao simba huwa nao siku zote bila shida, wakaongezeka kupita kiasi pale distempa ilipoangusha kinga ya mwili. Mwaka 2001 yalitokea hayo hayo Ngorongoro. Mbwa wa nyumbani ana mwili wenye kanuni ileile: vimelea vinavyovumilika leo havivumiliki siku anapopata maradhi mengine, anapopewa steroidi kwa ajili ya ngozi, au anapotolewa wengu. Ndiyo maana mbwa anayetarajiwa kuanza steroidi kwa muda mrefu namuweka kwenye orodha ya wa kupimwa kwanza.

Kupima bila kupigana na kupe ni kazi ya bure. Kupe wa kahawia hapendi majani kama jamaa zake wa ng'ombe, anapenda nyumba. Jike mmoja aliyeshiba hushuka, hupanda ukuta, huingia ufa wa banda au nyuma ya fremu ya mlango, na huko anaweza kutaga mayai hadi 4,000 hivi. Katika joto letu kizazi kizima kinaweza kukamilika kwa takriban miezi miwili, na kupe mwenye njaa husubiri miezi bila kula. Kwa hiyo dawa ya kwenye mbwa iende sambamba na banda: ziba nyufa, toa magunia na matambara ya zamani, safisha pembe na dari ya banda. Mbwa wote wa nyumba wapewe dawa siku moja. Ehrlichia huanza kupita ndani ya saa chache tu baada ya kupe kung'ata, hivyo kumkagua mbwa kila jioni ni kuzuri lakini hakutoshi. Dawa inayofukuza au kuua kupe haraka ndiyo kinga yenyewe, maana chanjo ya Ehrlichia haipo. Ukimtoa kupe kwa mkono, mshike karibu na ngozi na umvute taratibu. Usimpasue kwa kucha. Kupe wa mbwa hubeba pia bakteria wa homa za vipele kwa binadamu, na majimaji yake yakigusa mchubuko au jicho hayana wema.

Siku ya kwenda kupima, mchukue mbwa akiwa ametulia. Nenda na maelezo haya: alizaliwa wapi, amewahi kuishi wapi, dawa ya kupe ya mwisho ilikuwa lini na ya aina gani, amewahi kuchomwa sindano gani, amewahi kutokwa damu puani hata mara moja. Ukimkuta kupe mwilini asubuhi hiyo, mweke kwenye kichupa kidogo chenye spiriti uende naye. Daktari akijua ni kupe wa aina gani anajua atafute nini, kwani yule wa kahawia huleta Babesia vogeli aliye mpole, na kupe wa vichakani, hasa kule kusini mwa Afrika, huleta Babesia rossi, mkali kupita kiasi, ambaye bweha hukaa naye bila kuugua.

Majibu usiyaache kliniki. Omba yaandikwe kwenye kitabu cha chanjo: tarehe, aina ya kipimo na namba kamili, si neno "sawa." Chembe sahani 210,000 ni sawa, na 460,000 ni sawa, lakini mbwa aliyeshuka kutoka hii kwenda ile ndani ya mwaka mmoja anahitaji kutazamwa tena baada ya wiki mbili au tatu, ijapokuwa hajavuka mpaka wowote na hajakosa mlo hata mmoja.